Salamu za Mama Pima

Mama Pima alikuwa akisalimia wanaume kwa kuwakumbatia, na mtaa wetu wote wa Ziwani, Nairobi, ulijua ni kwa nini. Mkono hakuutaka. Ukimpa mkono aliutazama tu, kisha akafungua mikono yake yote miwili, ile mirefu iliyotokeza ndani ya koti la kiume la kijivu ambalo sikuwahi kumwona bila kulivaa, hata jua la Januari likiwaka, na kusema, "Kuja hapa nikusalimie vizuri." Mwanamume alikumbatiwa, akashikiliwa kidogo, akaachiliwa. Sisi wanawake tuliosimama kando tulikuwa tukitazama uso wa Mama Pima. Akisema, "Haya, chukua uji," tulipumua. Akiteremsha mikono kimya, tulijua jioni hiyo kuna kazi.

"Anawanusa," tuliambiana. Kulikuwa na wazee wa mtaa, kulikuwa na askari wa chifu, kulikuwa na makanisa ya kila aina, lakini ukitaka kujua kama mumeo amekunywa ulimuuliza Mama Pima. Vijana wa mtaa, waliozoea kumpa kila mtu jina, walisema pua ya mathee huyo inafika mpaka Kariobangi na kurudi.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuiamini pua hiyo. Mume wangu, Baba Khisa, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Ni mtu mpole, mcheshi, anayeweza kutengeneza chochote kilichovunjika ndani ya nyumba, na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa inammaliza. Kazini walikuwa wamempa onyo la mwisho. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufunga nguo za watoto ndani ya shuka, nikamwambia kwamba akirudi tena akipepesuka tutapanda gari la kwetu Bungoma na nyumba atabaki nayo. Sikutaka kwenda Bungoma. Nilimpenda, na nilitaka aingie mlangoni akiwa yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipoanza kumjua mama huyu kwa karibu, miaka ya sabini ikielekea mwisho.

Kuhusu jina lake. Nairobi nzima, Mama Pima ni mwanamke yeyote anayeuza chang'aa, kwa sababu chang'aa haimiminwi ovyo, inapimwa kwa glasi ndogo nene. Huyu wetu alikuwa muuzaji hasa. Alipika mwenyewe, kando ya mto, na wanywaji walisifu mkono wake kama watu wanavyosifu mkono wa mpishi wa harusi. Mume wangu alikuwa mteja wake. Kwa hiyo msidhani nilimpenda tangu siku ya kwanza. Kuna wakati nilikuwa nikimwona sokoni navuka upande wa pili ili nisimpige na kikapu.

Kisha akaacha. Alivunja jiko lake la mtoni, akahamia kwenye kibanda pale njia inapoingia mtaani kwetu, akaanza kuuza uji. Jina halikumtoka. Glasi zilikuwa zile zile za kupimia, maana alisema haoni sababu ya kutupa vyombo vizima. Unaweza kufikiria tulivyocheka. Mke wa katekista alisema huyo mama ni kama mwizi aliyefungua duka la makufuli. Tulicheka, lakini uji tulinunua, kwa sababu ulikuwa mzuri siku ambazo haukuungua.

Na kuungua uliungua. Hilo lilikuwa jambo la ajabu kwake. Sufuria inaweza kushika chini mpaka harufu ifike kwenye nyumba za mwisho, na yeye ameketi hapo hapo akichambua nafaka ya wimbi bila wasiwasi. Wa kumwokoa alikuwa Baba Mueni, mzee mmoja Mkamba ambaye macho yake yalikuwa yameharibika, akawa anaona ukungu tu. Mama Pima alimweka kwenye kigoda karibu na moto na mwiko mkononi. Kila mara ungemsikia, "Mama, inashika chini," naye mama anaruka kuondoa sufuria huku akimfokea kana kwamba kosa ni lake. Mtu akifika, Mama Pima alimwambia mzee, "Baba Mueni, ni Baba fulani, amevaa shati ya bluu, amenyoa vibaya." Tulisema amemweka pale kwa huruma. Yeye alisema amemweka kwa sababu ni mjeuri, na mjeuri mmoja hatoshi kibanda kizima.

Kwa nini aliacha kupika? Inategemea ulikuwa nani ulipomuuliza. Katekista alimwambia kwamba ameitwa na Bwana. Askari wa chifu aliwaambia kwamba ameogopa sheria. Wateja wake wa zamani aliwaambia ni mgongo, mapipa yamemchosha. Alikuwa mwongo mzuri, asiyeona haya, na uongo wake ulimpa kila mtu alichotaka kusikia. Mimi aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, bila mimi kuuliza.

"Huyu Baba Mueni," alisema kwa sauti ndogo, ingawa mzee alikuwa ameenda kuota jua, "alikuja kwangu mchana akiona vizuri. Alikuwa amekunywa kwingine pia, mimi sijui wapi. Akaketi. Nikampimia. Akanyoosha mkono kuchukua glasi, akaikosa. Akanyoosha tena, akaikosa. Nilidhani analeta mchezo. Mama Khisa, haikuwa mchezo."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nikamshika mkono, nikampeleka kwake. Njia yote ananiuliza kama jua limezama. Na jua liko hapo juu linatuchoma."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Nami nililia, na akanikaripia kwamba machozi yanaharibu mboga. Tangu siku hiyo sikucheka tena ule mzaha wa mwizi na makufuli.

Katika safari hiyo moja ya kumshika mzee mkono ndipo lilipotoka lile jambo ambalo baadaye mtaa wote ulilifanya. Kila mtu anajua desturi ya kusindikiza. Mgeni akiondoka unatoka naye, mnafika njia panda, mnaagana, unarudi. Mama Pima aliigeuza. Kwake wa kusindikizwa ni mtu anayerudi, na hakuna kuagana njia panda. Unamfikisha mpaka mlangoni, mpaka umeona ameketi. Wanaume wetu wengi walitoka kazini kwa miguu wakipitia soko la Gikomba, na upande wa mto vibanda vya pombe vilikuwa vingi, vyote na mtu wa kukuita kwa jina. "Mimi nilikuwa nawaita," alituambia. "Najua vile tunaita. Mtu mmoja peke yake hapiti hapo. Wawili wanapita."

Basi jioni ikikaribia wanawake wa zamu walitoka na vikapu kama watu wanaokwenda kununua sukuma wiki, wakawangoja ng'ambo ya Gikomba wanaume waliotaka kuacha pombe, wakarudi nao wakipiga soga hadi kwenye uji. Kanuni zilikuwa chache na alizilinda kwa ukali. Usimuulize kama amekunywa. Usimhubirie njiani. Na kubwa kuliko zote: mke asimsindikize mume wake mwenyewe.

"Wewe na huyu wako mtagombana kabla ya kona ya kwanza," aliniambia. "Akikukasirikia amepata sababu. Mpe Mama Katekista."

Kwa hiyo mume wangu, Mbukusu wa watu, alisindikizwa na mke wa katekista, Mkikuyu wa Murang'a mwenye mdomo usiopumzika, nami nikamsindikiza fundi seremala mmoja ambaye lugha yake sikuijua hata neno. Mwanzoni watu walitusema. Unamwona Mama Khisa kila jioni na mume wa watu! Vijana walipiga mbinja. Lakini mnajua, ni vigumu mtu kuanguka mbele ya mke wa jirani. Mke wako amekwisha kukuona ukitambaa, huyu wa jirani bado unamdai heshima. Mama Pima aliijua aibu ya wanaume kama anavyojua kuchochea moto.

Katekista mwenyewe alichukua muda kulainika. Alitaka kibanda kiondolewe, akisema hawezi kumwachia mpika pombe kazi ya kanisa. Mama Pima naye hakumsaidia hata kidogo. Kanisani alikwenda siku za mazishi tu, akaketi karibu na mlango, akatoka kabla ya sadaka. Lakini siku mke wake alipougua malaria, katekista alimwona mume wangu amesimama ng'ambo ya Gikomba akingoja, akigeuka huku na huku, na hakuna wa kumchukua. Akamfuata. Akatembea naye, akafika kibandani akitokwa na jasho la hofu, maana njiani waliitwa kwa majina mara kadhaa na wote wawili walikuwa wameitika. Mama Pima akamkumbatia yeye kwanza, katekista wa watu, mbele ya wote, akasema, "Huyu ni mzima. Mpe uji." Tulicheka mpaka tukashika kuta. Tangu hapo aliingia zamu kama sisi, na maji ya kibanda ndiye aliyeyachota bombani.

Msidhani ilikuwa rahisi. Baba Khisa alianguka, akaamka, akaanguka tena. Siku moja alitoroka zamu, akatokea upande wa mtaa wa Starehe badala ya Gikomba. Nilikuwa nimekaa kibandani. Mama Pima akamwona kwa mbali, akasimama, akafungua mikono. Mume wangu akasita. Akajipapasa mfukoni kama mtu aliyesahau kitu, akavuka barabara, akapita na ukuta mpaka nyumbani. Mama akateremsha mikono yake polepole.

"Amekunywa," alisema.

"Umemnusa kutoka hapa?" mke wa katekista aliuliza, amepigwa na butwaa.

"Nimemnusa."

Habari hiyo ilienea mtaani mpaka kesho yake pua ya Mama Pima ikawa inanusa kupitia ukuta. Lakini mimi sikucheka. Nilikwenda kuichukua ile shuka ya nguo. Mama Pima akanifuata mpaka mlangoni kwangu na kuketi juu ya mzigo wenyewe, koti na vyote. "Bungoma haiendi mahali," alisema. "Kesho atakuja. Mtu anayeona haya bado yuko." Nilimchukia dakika hiyo kwa sababu alikuwa mzito na nilishindwa kumsukuma. Kesho yake mume wangu alikuja kibandani mwenyewe, uso chini, akakumbatiwa, akapewa uji, na hakuna aliyemwambia kitu.

Baada ya hapo ikashika. Sijui kwa nini safari hiyo na si nyingine. Mwezi ukaisha, ukaisha mwingine, msimamizi wake kazini akaacha kumchungulia, watoto wakaanza kumkimbilia baba yao mlangoni. Furaha ilinijaa hata nikaogopa kuisema. Baba Khisa ndiye aliyeisema. Aliwaandikia wazee wake nyumbani kwamba majirani wa Nairobi wamemrudisha duniani. Na wazee, kwa moyo safi kabisa, wakafanya kosa ambalo watu wetu peke yao wangelifanya: baba yake mkubwa alipanda treni kuja kuwashukuru majirani kwa busaa, pombe yetu ya nafaka.

Mtu wa kwetu ataelewa. Shukrani kubwa bila mtungi ni matusi. Wazee wanaketi duara, mtungi katikati, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanavuta pamoja, na maneno ya baraka yanasemwa hapo. Mzee alikuwa ameibeba mirija kutoka nyumbani, imefungwa kwa kitambaa kama vitu vya kanisani. Alitushikia mikono kwa machozi. Kisha akauliza katika mtaa huu ni nani anayejua kutengeneza busaa nzuri, na mtoto wa jirani, kwa adabu zake, akamwelekeza kwa Mama Pima.

Nilimwambia mume wangu akatae. Akanitazama. "Nimwambie baba mkubwa asinibariki?" Hakuwa anatafuta njia ya kunywa, nilimjua. Kukataa ni kumwaibisha mzee mbele ya watu, na kukubali ni kurudi tulikotoka. Nilikimbia kibandani kumwambia Mama Pima asikubali, nikakuta mzee ameshafika na kuondoka.

"Nimekubali," alisema.

"Mama!"

"Ameniomba kwa heshima. Hakuna mtu ameniomba kitu kwa heshima hivyo tangu nizaliwe." Akaendelea kupepeta wimbi. "Wewe lete wageni tu."

Siku zilizofuata alifunika mtungi wake kwa gunia na hakumruhusu mtu kuchungulia. Baba Mueni peke yake aliinama juu yake kila asubuhi na kutoa ripoti kwa sauti ya chini. Katekista alikuja kuniuliza kama tusali, au tukauvunje mtungi usiku. Nilimwambia tusali, maana kuvunja chombo cha Mama Pima kulihitaji ujasiri ambao mimi na yeye hatukuwa nao.

Jumamosi alasiri wageni waliketi mbele ya mlango wetu. Mtungi uliletwa ukitoa mvuke, kama inavyotakiwa. Mzee akagawa mirija: yeye, mume wangu, Baba Mueni, seremala, na katekista, aliyeushika wake kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Mama Pima alisimama nyuma, mikono mfukoni. Mzee akasema maneno, akainama, akavuta kwanza.

Akaacha kuvuta. Akainua macho, akamtazama Mama Pima. Mama Pima naye alimtazama bila kupepesa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ameogopa.

Mzee akavuta tena, polepole, kama anayetafuta kitu kilichopotea ndani ya mtungi. Kisha akapangusa midomo.

"Mkono ni mzuri," alisema. "Haijafika. Lakini kwa huyu mtoto wangu, hapa ndipo inapofaa kuishia."

Ulikuwa uji. Uji wa wimbi mwepesi, umechujwa, umechachushwa mpaka unakereketa ulimi kidogo, lakini ni uji, ule ule ambao watoto wanapewa. Mzee alimpa mume wangu ishara, naye akainama kwenye mrija wake katikati ya wazee, akavuta, na nikaona mabega yake yakishuka. Alikunywa na wazee wake. Alibarikiwa kama mtu mzima, jina lake likatajwa pamoja na majina ya babu zake, na hakuna tone lililomdhuru. Katekista alivuta mpaka mtungi ukalia chini, akasema hakujua busaa ni tamu hivi, tukamwacha na furaha yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka na kulia pamoja, kisha nikafungua ile shuka na kuitandika kitandani.

Nikimsifu sana mtanikamata kwa uongo, kwa hiyo niseme na mengine. Alikuwa bahili wa sukari. Aligombana na kila mtu aliyewahi kuteka maji mbele yake. Wanawake waliolia sana aliwafukuza kibandani. Na kuna wanaume ambao aliwakumbatia, akawapa uji, na bado walirudi mtoni na hawakutoka. Alihudhuria mazishi ya wengine wao, ameketi pale pale karibu na mlango wa kanisa, akatoka kabla ya sadaka. Hakuwahi kuwataja. Siku kama hizo uji ulikuwa wa bure na hakutaka kushukuriwa.

Miaka ilipita. Tulihamia mtaa wa Fedha watoto walipokua, na Mama Pima, miguu ilipomshinda, alichukuliwa na binti yake Kariobangi. Siku moja Baba Khisa alisema twende tukamwone. Tulimkuta ameketi nje ya chumba, nyuma ya mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kutwa nzima, koti la kijivu mabegani. Amekonda. Sauti haikukonda.

"Mmekuja na mikono mitupu?"

Tulikuwa na sukari. Akaipima kwa macho, akaridhika. Tukaongea habari za Ziwani, nani ameoa, nani ana wajukuu. Baba Mueni alikuwa amerudi kwao Machakos kwa watoto wake. Tukiwa katika mazungumzo niliinusa harufu kali ikitoka ndani.

"Mama, githeri inaungua."

"Uwii!" Binti yake hakuwepo. Niliingia nikaitoa sufuria ya mahindi na maharagwe. Niliporudi alikuwa anatikisa kichwa. "Siku hizi hakuna wa kuniambia. Baba Mueni alikuwa pua yangu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Pua gani, Mama?" Baba Khisa aliuliza. "Wewe ambaye ulininusa kutoka ng'ambo ya barabara?"

"Mimi?" Akashangaa kwa kweli, kisha akaona tunamaanisha. "Nyinyi watu. Ule moshi wa mtoni uliua pua yangu zamani, hata kabla sijaacha kupika. Sijanusa kitu miaka hiyo yote. Hata maua, hata kinyesi."

Mafundi waligonga mabati. Nilimtazama mume wangu, akanitazama.

"Sasa ulikuwa unajua aje?" aliuliza.

"Mwenye amekunywa haji karibu," alisema Mama Pima. "Ukimfungulia mikono, anakumbuka kitu amesahau. Anapapasa mfuko. Anavuka barabara. Yule hajakunywa anakuja tu. Mimi nilikuwa nafungua mikono, basi. Kazi ilikuwa yenu."

Baba Khisa aliinamisha kichwa akawa anachezea kofia yake magotini, na nilijua anaiona ile siku, na ile barabara, na ule ukuta. Jua lilikuwa bado liko juu tulipoaga. Mama Pima akashika ukuta, akasimama kwa shida, atusindikize. Tulimkataza. Akatufokea. Alipiga hatua chache tu kisha akasimama akihema, na nikaona uchungu usoni mwake kwamba kwa mara ya kwanza hatamfikisha mtu mpaka mwisho.

Ndipo mume wangu akageuka, akasimama katikati ya njia, akafungua mikono yake yote miwili.

"Wewe nini tena?" Mama Pima alimwuliza.

"Siulizi kitu, Mama. Nakusalimia tu."

Akaja.